Chungu cha Wanavajo na Kadi ya Dukani

Mgeni aingiapo duka la vitu vya ukumbusho huko Arizona au New Mexico, nchini Marekani, huonyeshwa vyungu vya rangi nzuri vilivyochorwa kwa ncha kali hata udongo wa chini ukaonekana. Huambiwa ndivyo vyungu vya jadi vya Wanavajo, kisha hupewa kadi: unyoya ni sala, dubu ni nguvu, yamekwisha.

Sisi hatuna ugomvi na mchoraji. Kazi yake ni ya ustadi, nayo ni riziki ya halali. Lakini vingi vya vyungu hivyo hutolewa katika kalibu. Chungu cha jadi ni kingine kabisa. Mfinyanzi hukiinua kwa mikunjo ya udongo, hukichoma nje kwa kuni, na kingali cha moto hukipaka utomvu wa msonobari; ndipo kinapong'aa na kushika maji. Pambo lake, aghalabu, ni ukanda mmoja tu chini ya mdomo, nao hauungani: huachwa upenyo, ambao kwa mila yao ni njia ya kutokea. Rose Williams na bintiye Alice Cling ni miongoni mwa walioipa kazi hii heshima mpya.

Hayo kadi haiyasemi. Wala haisemi kwamba yule mpiga filimbi mwenye kibyongo, anayechorwa sana, asili yake ni kwa jirani zao Wapueblo. Tena michoro ya mchanga ya waganga wa Kinavajo hufutwa ibada ikiisha; kuikaza juu ya chungu cha kuuza si jambo dogo.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 humtoza faini ya hadi dola 250,000 mtu auzaye kwa jina la wenyeji kitu wasichokitengeneza wao. Yamlinda fundi na mwigaji, bali haimlindi na kadi.

Nasi visiwani tunayo milango ya nakshi, na kila siku mgeni huelezwa kwa neno moja maana ya mnyororo au samaki aliyechongwa. Kwa hiyo twawaomba maofisa wanaosimamia utalii na kazi za mikono: kila kitu kiuzwacho kiandikwe jina la fundi na namna kilivyotengenezwa, kisha maana aliyoitoa fundi mwenyewe. Asiposema kitu, mahali hapo paachwe wazi.