Nani Kasema Theluji Haituhusu?

Mwezi uliopita alinijia kijana wa dodoso. Vesti, tableti, chupa ya maji. Kijana mwenye adabu, aliniita mama na akakaa kwenye kigoda changu bila kukipangusa kwanza. Tukapita maswali yote yale mnayoyajua: mko wangapi nyumbani, mnakula mara ngapi kwa siku, choo kiko umbali gani. Tukafika kwenye saa za mapumziko, huwa nafanya nini. Nikamwambia ukweli. Natazama mbio za theluji kwenye televisheni, na nasoma hadithi za upelelezi.

Akacheka, si kwa ubaya. Akatafuta kwenye tableti, juu, chini: kusali, kutembelea majirani, mpira, kazi za mikono. Mwisho akagusa "Mengineyo". Halafu akaniinamia na kushusha sauti: "Mama, hii ya televisheni niiache? Wasije wakasema una uwezo."

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza.

Kwanza, televisheni si yangu. Mimi ni fundi cherehani. Naenda kwenye banda la video la zoni yetu kuchaji simu, shilingi 500. Jumapili alasiri, kabla ya mechi ya Uingereza, mwenye banda anaacha chaneli ya michezo ijiendee tu, kwa sababu mteja bado hakuna. Ndipo nilipoona bayathloni. Mtu amefunga skii miguuni, zile mbao nyembamba ndefu, na bunduki mgongoni. Anakimbia kilometa kadhaa juu ya theluji, anapanda, anateremka, moyo unataka kutoka kifuani. Halafu hapo hapo anatakiwa atulie apige shabaha tano, umbali wa mita 50. Akipiga amelala, shabaha ni duara la milimita 45, kadiri ya mfuniko wa chupa ya mafuta. Akikosa moja, katika mbio nyingi anaongezewa mzunguko wa mita 150, ndipo aendelee na safari yake.

Siku ile ya kwanza nilimwona dada mmoja amefika anahema kama ng'ombe. Akavuta pumzi, moja, mbili, bega likatulia, akapiga. Nikasema moyoni, huyu namjua. Hiyo ni kutunga uzi kwenye sindano wakati umetoka bombani mbio na dumu la lita 20, mtoto analia, na mteja kasimama mlangoni anataka sketi yake. Na kuna jambo lingine, ambalo sikumweleza yule kijana. Mimi bunduki niliijua kwa sauti yake usiku. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona bunduki ambayo haimtafuti mtu.

Sasa wanaume wakiingia kwa ajili ya mpira, ni kelele. "Mama, badilisha hiyo, hayo mambo ya wazungu yanatuhusu nini?" Haya yanasemwa na baba mzima aliyevaa jezi ya Arsenal, ambaye wiki iliyopita nusura apigane na shemeji yake kwa ajili ya Manchester. Kwani London ni tarafa ya Beni? Nani alikugawia Arsenal, na nani aliyeninyima mimi theluji?

Tena wanaosema theluji haituhusu, wengine ni watu wa kwetu kabisa. Mimi nimezaliwa Mutwanga, chini ya Ruwenzori. Asubuhi mawingu yakifunguka, theluji iko pale juu, nyeupe, mtu unaiona ukiwa umebeba jembe. Kilele chake kina mita 5,109, nusu kwetu Congo na nusu hapa Uganda, na hakijawahi kuulizwa kibali cha kuvuka mpaka. Bibi yangu hakuwahi kuigusa theluji hiyo, lakini kila siku aliitazama ajue hali ya hewa. Mwaka hadi mwaka inapungua, wataalamu wameipima, na sisi tulioitazama kwa macho tunajua. Basi mtu asinifundishe kwamba baridi ni mali ya Ulaya.

Kuna Mkenya, Philip Boit. Mwaka 1998 kule Nagano, Japani, alikimbia kilometa 10 za skii akawa wa mwisho, nyuma ya mshindi kwa dakika 20 hivi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alibaki mstarini akamsubiri, wakakumbatiana. Watu wakisimulia habari hii hufuta machozi kwa sababu ya kukumbatiana. Mimi ninachokipenda ni saa. Saa iliendelea kuhesabu kwa ajili ya mtu wa mwisho, na muda wake ukaandikwa. Leo hii ukitaka kuujua utaupata. Faili langu mimi limekaa ofisini miaka sita. Nikiuliza, naambiwa "bado". Hakuna saa ukutani, hakuna mstari, sijui kama mimi ni wa 92 au wa ngapi. Ungekuwa mimi, Jumapili alasiri ungetazama nini?

Na vitabu. Hapa nitasema polepole kidogo, maana hapa pananiuma.

Chumba chetu cha kusomea kilikuwa na riwaya kama thelathini za upelelezi, zimechoka, nyingine hazina jalada, zililetwa na watu kutoka Tanzania mojamoja. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alikuwemo. Joram Kiango wa Ben Mtobwa alikuwemo, naye Mtobwa ni mtoto wa Kigoma, ng'ambo tu ya ziwa. Mwaka huu ofisi moja (siitaji, yenyewe inajijua) ilikuja kupanga upya. Riwaya zikaitwa "za burudani", zikatiwa kwenye maboksi, zikafungiwa stoo. Mahali pake pakawekwa vijitabu vya kunawa mikono na kutengeneza sabuni ya maji. Mimi nina vyeti vitatu vya kutengeneza sabuni ya maji. Sabuni yenyewe sina.

Mzee mmoja wa kanisa alifurahi. Alisema, "Mwanangu, sisi tumeona damu ya kutosha, mnataka kuisoma tena?" Namheshimu, na swali lake ni la haki kuliko la ofisi. Baba, nakujibu hapa kwa sababu siku ile nililia nikashindwa.

Kaka yangu aliuawa shambani. Karatasi niliyopewa imeandikwa "watu wenye silaha wasiojulikana". Redioni walisema hivyo hivyo, na wiki iliyofuata, kijiji kingine, hivyo hivyo tena. Wasiojulikana. Kwetu neno hilo limekuwa kama jina la ukoo. Sasa chukua *Mzimu wa Watu wa Kale*, kitabu cha mwaka 1960. Maiti inapatikana penye mzimu, mahali pa kuogopwa. Bwana Msa anakuja na kiko chake, na hatishiki na mzimu: anamtafuta mtu. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani anasema uongo. Na kabla kitabu hakijaisha, mtu huyo ana jina. Sisomi kwa ajili ya damu, baba. Nasoma nione mtu mmoja, japo wa kubuni, ambaye hakukubali kuandika "wasiojulikana" akafunga daftari.

Nami nimewahi kukaa mbele ya mpelelezi wa kweli. Wengi wenu pia mmekaa. Ulitoka saa ngapi? Mvua ilikuwa inanyesha? Mara ya kwanza ulisema saa mbili, leo unasema saa tatu, kwa nini? Maswali yale yale ya Bwana Msa, ila aliyeulizwa ni mimi, na waliomuua kaka yangu hawakuulizwa na mtu. Wanaotufanyia kazi hiyo najua wana sheria zao. Lakini basi wasishangae tukipenda hadithi ambazo maswali yanaelekezwa kwa mhalifu.

Sisemi posho ya chakula ipunguzwe tununuliwe skii. Naogopa kuna mtu ataripoti hivyo. Nasema dodoso linalojua idadi ya sufuria zangu lisione aibu kuandika ninachotazama, na mtu asipoteze alama za uhitaji kwa kutazama televisheni ya jirani. Na riwaya zirudi kwenye rafu. Vijitabu vya sabuni vinaweza kukaa pembeni yake, havigombani.

Ufunguo wa stoo uko kwa mlinzi, nimeuliza. Nilikuwa ukurasa wa 81 wa *Tutarudi na Roho Zetu?* cha Mtobwa, nimeweka kipande cha kitenge cha bluu kama alama. Kitenge mnaweza kubaki nacho.