Motokari ya 1904 inapita bure

Kila mwaka, siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa 11, jua likianza kutoka, motokari mia kadhaa zinakusanyika Hyde Park, bustani kubwa katikati ya London. Si motokari kama zile za Kolwezi ao Likasi. Nyingine ziko na magurudumu membamba kama ya kinga. Nyingine hazina usukani wa mviringo, kuko tu mti wa kukamata kwa mkono, kama kwenye mtumbwi. Paa hakuna, kioo cha mbele hakuna. Sharti ni moja: motokari iwe ilitengenezwa mbele ya mwaka 1905. Zinatoka pale zinaelekea Brighton, mji wa pembeni ya bahari, karibu kilometa 96. Si mashindano. Anayefika mbele ya saa kumi na nusu ya mchana anapata medali yake, na wa kwanza hana kitu cha kumzidi wa mwisho.

Mutatuuliza: sendika inatafuta nini katika michezo ya Wazungu wenye mafranga? Mishahara imekwisha kupanda? Posho iko sawa? Hapana, haiko sawa. Lakini ile motokari ya Hyde Park iko na kamba inayoifunga na kariere yetu, tena si kamba moja. Tunataka kuzifuata leo, kwa sababu habari za kobalti zinazoandikwa kila siku zinatuambia bei na tani, hazituambii nani anabeba muzigo.

Tuanze na ile safari yenyewe. Zamani sheria ya Uingereza ilidai mutu atembee kwa miguu mbele ya kila mashini ya barabara, aonye watu na farasi. Mu 1896 sheria mpya ikaondoa yule mutu, ikaruhusu mwendo wa kilometa 22 kwa saa. Tarehe 14 mwezi wa 11 mwaka ule, wenye motokari wakatoka London mpaka Brighton kwa furaha. Toka 1927 watu wakaanza kuirudilia ile safari, na wanaifanya mpaka leo, ukitoa miaka ya vita na mingine michache. Ni sikukuu ya sheria mbaya iliyoanguka. Siye wa sendika tunaelewa vizuri sikukuu ya namna hiyo. Hata siye tuko na tarehe 1 ya mwezi wa 5.

Sasa hesabu kidogo. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa 1906. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa 1910, na shaba ya kwanza ikatoka mu tanuru 1911. Kwa hiyo motokari zote za Brighton ni wakubwa kuliko kampuni iliyoita babu zetu kazini. Si wakubwa kuliko mateso ya Kongo. Dunlop alikuwa amekwisha kuleta gurudumu la mpira wa hewa toka 1888, na viwanda vyote vilikuwa vinatafuta kauchu. Kauchu ya Kongo ya Léopold II ilikuwa inashuka kwa meli mpaka Antwerp. Ripoti ya Roger Casement, juu ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyokimbia, ilitoka 1904, mwaka ule ule wa motokari za mwisho zinazokubaliwa Brighton. Hatusemi kama kila gurudumu la wakati ule lilitoka kwetu, kuko pia kauchu ya Brazil. Tunasema tu kama motokari, toka ilipokuwa mtoto, ilikula kitu cha Kongo.

Na hawa wenye kuitunza leo, wanaishi namna gani? Mutu asifikiri kama kazi yao ni kupiga foto na kunywa bia. Siku ya kutoka ni kidogo sana. Wakati wa baridi motokari inalala mu garaje, injini imefunguliwa juu ya meza. Klabu inakutana, mara nyingi kila mwezi, mara nyingi katika kafe. Kuko prezida, kuko katibu, kuko mwenye kutunza sanduku, na kuko kotizasyo ya mwaka. Asiyelipa, jina lake linatoka. Mmoja anajua karbiratere, mwingine anajua rangi, mwingine ni muzee aliyetumika kiwandani na sasa anafundisha vijana kusikia kwa sikio kama injini inagonga vibaya. Pyesi ambayo kiwanda kimeacha kutoa, klabu inaagiza ichongwe upya: wanachama wanachanga, wanatengenezesha nyingi mara moja, halafu wanauziana kwa bei ya ndugu. Hivyo njo Citroën Traction, iliyotoka kiwandani toka 1934 mpaka 1957, ingali inatembea mpaka sasa. Kuko pia masoko ya vyuma vikuukuu. Lile la Beaulieu, Uingereza, lilianza 1967, na mutu anaweza kuzunguka pale mchana mzima akitafuta taa moja tu ya shaba ya njano.

Paris kuko matembezi yanayoitwa Traversée de Paris, yanayopangwa na ushirika wa Vincennes en Anciennes. Mu mwezi wa kwanza, baridi ikiwa kali, motokari mia na mia, bisi za zamani, pikipiki na hata trakta zinazunguka mji toka asubuhi mapema, na watu wanasimama kandokando kuangalia bila kulipa kitu. Brighton ni kali zaidi. Mvua ikinyesha, inawanyeshea wote. Kwenye mlima injini inachoka, abiria wanashuka, wanasukuma. Mwenzetu mmoja wa kazi ya usiku, tulipomuelezea, akacheka sana: "Bale batu banalipaka juu ya kusukuma motokari? Siye tunasukumaka bure, kila mangaribi!" Ni kweli. Lakini kuko kitu kingine kilichotugusa. Motokari moja ikikufa njiani, desturi yao ni kusimama, kufungua sanduku la vyombo, kuazimana waya ao mshipi, halafu wanaendelea pamoja.

Klabu hazikubaki kila moja katika kafe yake. Ziliungana kwa nchi, na mu 1966, kule Paris, zikaunda FIVA, shirikisho la dunia la motokari za zamani. Leo liko katika nchi zaidi ya 60, na mu 2016 UNESCO ilishika mkono mwaka wake wa urithi wa motokari. FIVA iliandika maana: motokari ya zamani iwe na miaka 30 ao zaidi, itunzwe jinsi ilivyotengenezwa, na isiwe ya kutumia kila siku. Inaonekana ni karatasi tu. Lakini maneno ya namna hiyo njo yameingia mu sheria za nchi. Ujerumani, toka 1997, motokari ya miaka 30 inayopita mbele ya mpimaji inapewa plake yenye herufi H. Inalipa takse moja tu, euro 191 na senti 73 kwa mwaka, hata injini iwe kubwa namna gani, na inaingia mu miji penye motokari nyingine za moshi zinakatazwa.

London iko mfano mzuri zaidi, tena mchungu zaidi. Toka mwezi wa 8 mwaka 2023, mji wote uko chini ya sheria ya hewa safi. Motokari isiyofikia kipimo inalipa paundi 12 na nusu kila siku inapotembea. Mutu anayeenda kusafisha hospitali usiku na motokari yake ya mazuti ya 2012, kwa kawaida analipa. Motokari iliyopita miaka 40 na iliyoandikwa kuwa ya historia hailipi. Ile ya 1904 yenye kutoa moshi kama tanuru inapita bure.

Hatusemi ni wizi. Ile ya 1904 inatoka mara chache kwa mwaka, moshi wake si kitu mbele ya foleni ya kila asubuhi. Hoja yao ina akili, tena waliileta mbele ya wakubwa na karatasi mkononi, mwaka kwa mwaka. Mashini haina mdomo, haina kura. Ilipata watu wa kuisemea. Yule wa motokari ya 2012 hana klabu. Motokari yake si nzuri ya kupiga foto, na hakuna anayeiita urithi.

Upande mwingine wa sheria za namna hiyo njo siye tunasimama. Mu 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha kama toka 2035 motokari mpya zisitoe tena gesi ya kaboni, na sasa wenyewe wanajadiliana kulegeza. Kwa ajili ya ile njia dunia ilikimbilia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka hapa kwetu. Bei ilipoanguka, Kinshasa ilifunga mlango wa kuuza inje mwezi wa 2 mwaka 2025. Toka tarehe 16 mwezi wa 10 ikaufungua kwa kipimo: tani 96.600 kwa mwaka 2026, na vilevile kwa 2027. Kila kampuni iliyokubaliwa ina fungu lake. Kulinda bei ni jambo la maana, hatupingi. Lakini mu ile hesabu ya mafungu hakuna mstari wa mutumishi. Kampuni ikikaribia kumaliza tani zake, kitu chepesi cha kupunguza ni masaa na watu, na wa kwanza kwenye mlango ni yule wa kontra ya miezi mitatu, aliyeletwa na kampuni ndogo inayotumika chini ya kampuni kubwa.

Tena anayefikiri kama kobalti ni ya milele anajidanganya. Viwanda vingi, zaidi vile vya China, vinatumia batri ya chuma na fosfati isiyo na kobalti hata gramu moja. Shaba itabaki, kobalti hatujui kama itakaa namna gani. Na motokari ya umeme si kitu kipya jinsi wanavyotuuzia: mu 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alipita kilometa 100 kwa saa, wa kwanza duniani mu motokari, na ile motokari yake, La Jamais Contente, ilikuwa ya umeme. Batri zake zilikuwa za risasi. Halafu esansi ikashinda, batri zikasahauliwa karibu miaka mia moja. Kitu kinachopanda kinaweza kushuka.

Hata ndani ya klabu wanagombana juu ya batri. Toka 2020 Ufaransa inaruhusu kutoa injini ya esansi mu motokari ya zamani na kuweka ya umeme. Kuko wanaosema hivyo itaokoka, vijana wataipenda. FIVA ilikataa: motokari iliyobadilishwa moyo haihesabu tena kuwa ya historia. Siye, mbele ya ile vita yao, tunaona kitu kimoja: wakubali ao wakatae, watakaa kwanza kwenye meza na kuzungumza. Juu ya kobalti itakayoingia mu ile batri, siye meza yetu iko wapi?

Tunataka kumaliza na karne. Motokari inayotambuliwa na FIVA iko na kadi yake: ilitengenezwa lini, pyesi gani ni za kwanza, gani zilibadilishwa. Kadi yenyewe inaisha nguvu baada ya miaka 10, inaombwa tena. Mwenye motokari anayejiheshimu anaongeza daftari lake: freni zilifunguliwa siku gani, mkono wa nani uliziona. Hayo yote kwa motokari ya kutembea mara chache, yenye kubeba watu wawili ao wanne.

Kamyo inayobeba watu 40 kwenda kazini usiku, karne yake iko wapi? Kwenye kampuni moja ambako wenzetu wanatumika, delege waliomba kuiona. Wakaambiwa iko ofisini. Ofisini wakaambiwa iko garaje. Garaje, makanika akawaonyesha ubao ulioandikwa kwa chaki, mvua ilikuwa imefuta nusu. Yule makanika si mutu mbaya. Yuko peke yake kwa kamyo nyingi, na muzee aliyemufundisha alienda mu pansyo bila mutu kuandika kitu alichokuwa anajua. Ule ujuzi wa wazee wa ateliye, wanaojua mashini ya 1970 kwa sauti yake, Ulaya ungekuwa na klabu na kotizasyo. Hapa unakaa chini ya mwembe, unangojea malipo ya pansyo.

Mu mazungumzo ya konvansyo kolektive yanayokuja, delege wetu wataomba mambo haya: kila kamyo na bisi ya watumishi iwe na karne ya freni na magurudumu, wazi kwa delege siku yoyote, makanika wa pansyo waitwe kufundisha, kwa malipo, na kampuni inapopunguza kazi juu ya fungu la kobalti, iseme kwa maandishi mwezi moja mbele, pamoja na wale wa kontra fupi.

Kampuni itajibu kama magari yote yako sawa. Kwa hiyo tunahitaji karatasi zetu. Mama wa nyumba, muandike namba ya plake ya kamyo inayochukua bwana yenu, saa inayopita, na siku munayosikia freni zikilia pale kwenye kona. Daftari ya shule ya mtoto inatosha. Mwisho wa mwezi muipe delege wa kartiye yenu.