Mama Asirudi Nyumbani Kabla ya Tiba ya Ndani

Vijana wenzetu, leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja mbele ya wazazi: kansa ya mlango wa kizazi, na ile tiba yake ya mionzi inayowekwa ndani ya mwili. Mtusamehe haya, lakini watu wanakufa kwa sababu ya haya.

Hapa Katunguru, kando ya daraja la Kazinga, maneno hutembea haraka kuliko mitumbwi. Mwaka jana mama mmoja wa mwalo, mkimbizi mwenzetu kutoka upande wa Beni, alirudi kutoka Kampala alikokuwa anatibiwa kwa mionzi. Kabla hajashuka vizuri kwenye basi, maneno yalikuwa yamefika: eti amebeba moto tumboni, eti ukikaa naye atakuunguza, eti watoto wasimkaribie. Nyumbani wakamtengea kikombe na sahani. Wajukuu wakakatazwa kulala kwake. Wamama aliokuwa anakausha nao samaki wakaanza kukaa mbali.

Sisi tulienda kumsalimu. Tulikwenda tukiwa na hasira juu ya hicho kikombe, tukatoka na hasira nyingine kubwa zaidi. Tulimuuliza, "Mama, tiba walikumalizia?" Akatujibu: "Ile ya nje walimaliza, wanangu. Walisema nirudi wiki inayofuata waanze ya ndani. Lakini damu ilikuwa imekatika, nikasikia nimepona, na feza ilikuwa imeisha. Nikapanda basi."

Hapo ndipo penye neno letu. Uvumi unaumiza, ndiyo, na tutausema. Lakini kinachotuua zaidi ni kurudi nyumbani kabla ya tiba ya ndani. Sisi tunasema hivi: mgonjwa asihesabiwe kuwa ametibiwa mpaka amalize ile ya mwisho, na pesa ya basi na ya kulala Kampala ihesabiwe kuwa sehemu ya dawa.

Kwanza tuelewane hiyo tiba ni nini, maana wengi tunaogopa kitu tusichokijua.

Mgonjwa ambaye kansa imekua lakini haijasambaa mbali, kwa kawaida anaanza na mionzi ya nje. Analala kwenye meza, mashine inapiga nyonga kutoka nje, siku tano kwa wiki, kwa wiki kama tano. Mara moja kwa wiki anawekewa pia dripu ya dawa ya kansa. Uvimbe unanywea, damu inakatika, maumivu yanapungua. Mtu anajisikia mzima. Kumbe bado. Kule ndani kabisa chembe za kansa zimebaki hai, na daktari hawezi kuendelea kuzipiga kutoka nje mpaka zife, maana mbele ya kizazi kuna kibofu na nyuma yake kuna utumbo. Akizidisha, ataviunguza.

Kwa hiyo anaingia ndani. Mgonjwa anapewa dawa ya maumivu au ya usingizi, kisha mrija mwembamba unapitishwa ukeni mpaka ndani ya kizazi. Mrija huo unaunganishwa na mashine yenye sanduku zito. Ndani ya sanduku kuna kipande cha madini ya mionzi, kidogo kama punje ya mchele, kwenye ncha ya waya. Wahudumu wanatoka, mlango unafungwa, wanamwangalia mgonjwa kwa kamera. Waya unatembea wenyewe, unasimama pale palipopimwa, unakaa dakika chache, unarudi sandukuni. Basi. Kazi hiyo inarudiwa, mara nyingi mara tatu mpaka tano.

Kwa nini isiunguze kibofu? Kwa sababu nguvu ya kile kipande inapungua haraka sana ukienda mbali nacho. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inabaki robo. Wamama wa mwalo watalielewa hili kuliko sisi: kwenye jiko la kukaushia, samaki aliye juu ya kaa anaiva, na yule wa pembeni anabaki mbichi. Madaktari wanatumia akili hiyohiyo. Wanapeleka moto mdogo mpaka kwenye uvimbe wenyewe, na majirani wanasalimika.

Na sasa kuhusu kikombe. Ule waya ukirudi sandukuni, ndani ya mama hamna kitu kilichobaki. Hana mionzi mwilini, hana cha kumwambukiza mtu. Anaweza kupika, kumbeba mjukuu, kulala naye kitanda kimoja. Ile mionzi ya nje nayo ni hivyohivyo, mashine ikizimwa imekwisha. Zipo tiba nyingine ambazo mgonjwa anaambiwa akae mbali na watu kwa muda, kama ile ya kunywa iodini yenye mionzi kwa kansa ya tezi ya shingoni, na labda uvumi ulianzia huko. Lakini hapo daktari mwenyewe anasema, na anataja siku ngapi. Kama hakusema, sisi tusijifanye madaktari wa kutenga vikombe.

Wengine wanasema hii ni kitu mpya ya wazungu, wanatufanyia majaribio. Si kweli. Wazo la kuweka madini ya mionzi karibu na kansa lilianza Paris mwaka 1901, mwaka uleule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Kisumu. Na kuna jambo hatufundishwi shuleni: madini ya wakati ule, radiamu, kwa miaka mingi yalitoka kwetu. Tangu miaka ya 1920 Wabelgiji walichimba mawe ya Shinkolobwe, kule Katanga, wakayapeleka kwao kusafishwa, na sehemu kubwa ya radiamu iliyotibu wagonjwa wa Ulaya na Marekani ilikuwa ya Kongo.

Leo hospitali nyingi zinatumia iridiamu au kobalti-60. Iridiamu inapoteza nusu ya nguvu yake kwa siku 74 hivi, kwa hiyo lazima uagize mpya kila baada ya miezi michache. Kobalti-60 inachukua miaka mitano na kidogo, ndiyo maana nchi zenye mfuko mdogo zinaipenda. Na kobalti, ni nani asiyeijua hapa? Kongo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuichimba. Hapa Kasese penyewe kiwanda kilikuwa kinaitoa kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe. Msiogope, kobalti ya ardhini haina mionzi, mpaka ipitishwe kwenye mtambo wa nyuklia ndipo inakuwa dawa. Tunachosema ni hiki: jiwe linatoka kwetu, linazunguka dunia, linarudi Kampala likiwa tiba, na mama wa Katunguru anakosa kulifikia kwa sababu ya nauli.

Tiba yenyewe ipo. Taasisi ya Kansa ya Uganda, pale Mulago, inatoa mionzi ya nje na ya ndani. Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya nje ambayo China ilitoa mwaka 1995 iliharibika isitengenezeke, na nchi nzima ikakaa bila nyingine mpaka mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Wagonjwa wa Uganda, na wale waliokuwa wanakuja kutoka Kongo, Rwanda na Sudan Kusini, walibaki wakitazamana. Wenye uwezo walikwenda Nairobi. Wasio na uwezo tunajua walikokwenda. Baadaye zimeongezwa mashine za kisasa zaidi, na kwa hilo tunaishukuru serikali na waliosaidia.

Lakini mashine haimfuati mgonjwa. Kutoka hapa mpaka Kampala ni siku nzima ya basi. Tiba ya mlango wa kizazi, ya nje na ya ndani pamoja, inatakiwa imalizike ndani ya wiki nane hivi, maana ukikawia kansa inapata nafasi ya kuota tena. Wiki nane Kampala, unalala wapi? Unakula nini? Nani anakusindikiza? Nani analinda watoto na biashara ya samaki? Mama yetu alilala kwa ndugu wa mbali mpaka ndugu akachoka. Karatasi ya tarehe ya kurudi alikuwa nayo, lakini imeandikwa Kiingereza, na aliyemweleza alisema kwa lugha asiyoisikia vizuri. Hatumtaji mtu wala hospitali. Tunasema tu kwamba alifikiri ile ya ndani ni ya kuongezea, kama vitamini. Hakujua kwamba ndiyo msumari wa mwisho.

Na sisi tunaoishi Katunguru, Katwe au Bwera tuko nje ya makazi ya Rwamwanja, Kyaka na Nakivale. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatupa ruhusa ya kutembea na kutafuta kazi, na tunashukuru. Lakini misaada mingi inapita huko kwenye makazi. Ukikaa mwaloni, wewe si mwenyeji na si mkimbizi wa kuhesabiwa.

Tunajua watatujibu nini. Watasema: pesa ni kidogo, mgonjwa mmoja wa kansa anakula dawa za malaria za watoto wengi. Si jibu la kijinga. Huko Jordan, kati ya 2010 na 2012, kamati ya UNHCR ilipokea maombi 511 ya wakimbizi wenye kansa na kukubali 246 tu. Yaliyofanya mengine yakataliwe ni hasa matumaini madogo ya kupona na gharama kubwa. Lakini angalieni vizuri. Mama aliyemaliza wiki tano za mionzi ya nje, sehemu kubwa ya gharama imeshalipwa. Na kansa yake ni ya zile zinazopona, kama imewahiwa na kama tiba ya ndani imefanyika. Kumwacha hapo si kubana matumizi. Ni kumvusha mtu mfereji wote wa Kazinga halafu kumwambia ashuke kabla mtumbwi haujagusa ukingo, na viboko wapo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Kwa mashirika na kamati zinazopanga rufaa: toeni msaada mmoja kamili wa nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na msindikizaji mmoja, mpaka siku ya mwisho ya tiba ya ndani. Msiandike "ametibiwa" kwenye ripoti kabla ya siku hiyo. Na msituruke sisi tulio nje ya makazi.

Kwa hospitali: mwambieni mgonjwa kwa lugha yake, Kiswahili au Lukonzo, kwamba kupona kwake kuko kwenye hatua ya mwisho. Kama hamna mkalimani, sisi vijana tupo, hata kwa simu. Hatutaki malipo, tunataka wito.

Kwetu wenyewe, na hapa ndipo panauma. Tukisikia msiba tunachanga siku hiyohiyo: turubai, sanduku, unga, mafuta ya gari. Makanisa yanachanga, misikiti inachanga, vikundi vya akiba vinafungua sanduku. Mama yuleyule akiomba nauli ya kwenda Kampala mara ya tatu, tunasema "Mungu atafanya." Pesa ya turubai peke yake ingemfikisha Mulago na kumrudisha. Tuanze kuchangia wazima kabla ya maiti.

Hatusahau kinga. Tangu 2015 Uganda inawachanja wasichana wa miaka kumi dhidi ya kirusi kinacholeta kansa hii. Dada zetu wadogo wapelekwe, wakimbizi kwa wenyeji. Mama zetu waende kwenye kipimo cha siki, waulize pale Bwera au Kagando, na hasa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa sababu hatari kwao ni mara sita. Mama akiona damu isiyo ya wakati wake, damu baada ya tendo la ndoa, au damu baada ya kukoma hedhi, asingoje mpaka inuke. Na wababa, mkeo akikuambia hayo usiulize "umepata wapi". Uliza basi linaondoka saa ngapi.

Yule mama tulimchangia, akarudi Kampala. Zilikuwa zimepita wiki saba. Daktari alimpokea vizuri, akaanza kumpima upya, akamwambia wazi: "Mama, nilikuwa nakungoja."

Basi ndugu, leo kabla hamjalala, kama nyumbani kwenu yuko mama, shangazi au dada aliyetoka kwenye mionzi, mwombeni karatasi yake. Someni tarehe. Kama bado ya ndani, msimpe kikombe chake peke yake. Mtafutieni nauli.

Sisi vijana wakimbizi wa Katunguru na Bwera