Kijana, andika kwanza, ongea baadaye

Kuna mdogo wangu kaniuliza: nataka kuandika tamthilia za TV, nianzie wapi?

Nikamwambia tuangalie Marekani. Mei 2, 2023 waandishi wapatao 11,500 wa filamu na TV waligoma, wakakaa siku 148. Wengi tulisikia ile ya kompyuta kuandika skripti. Lakini mwandishi anayeanza kule alikuwa analipwa posho ya wiki tu; hata akiandika episodi nzima, hela ya skripti hapati. Baada ya mgomo anapata. Si kwa kipaji, ni kwa chama!

Huku kwetu Bongo kila mtu na flashi yake. Mimi niliwahi kwenda kituo kimoja nikamwaga wazo langu kwa mdomo. Miezi kadhaa baadaye nikaliona kwenye luninga. Ningeshtaki nini? Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hailindi wazo tupu, inalinda kilichoandikwa.

Kwa hiyo mdogo wangu, andika episodi nzima, baki na nakala, halafu tafuta wenzako hata watano. Peke yako watakuzungusha tu.

Nyie wadau mnaonaje?