Ahadi ya Paris haijengi nyumba Masisi

Tarehe 30 Oktoba 2025, kule Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza zaidi ya miliari 1,5 ya euro kwa kusaidia raia wa eneo la Maziwa Makuu. Ni habari njema. Lakini jamaa zilizokimbia Masisi na Rutshuru, zikakaa Bulengo na Lushagala mpaka kambi zikavunjwa Februari 2025, zina haki ya kuuliza: pesa hiyo itapita mikononi mwa nani, na itafika kijiji gani?

Kuuliza hivyo si kukosa shukrani. Aprili 2018, kule Geneva, Umoja wa Mataifa uliomba dola miliari 1,7 kwa ajili ya Kongo. Ahadi zilifika milioni 528 tu. Serkali ya Kinshasa yenyewe ilisusa mkutano, ikisema shida ya raia wake imetiwa chumvi. Wafadhili walipunguza, na mwenye nyumba akakataa kufungua mlango.

Tuseme pesa imelipwa kweli. Inafika? Februari 2022, Korti ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, milioni 65 kila mwaka, kwa mabaya ya vita vya 1998 hadi 2003. Kuna mfuko wa wahanga, FRIVAO, Kisangani. Septemba 2025, aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa kwa sababu ya dola milioni 19 za kujenga gereza, pesa iliyotoka kwenye mfuko huohuo. Yeye alikana kosa. Lakini gereza liliingiaje kwenye fidia ya mtu aliyechomewa nyumba?

Na pesa bila nguvu ya kisiasa ni maji kwenye kikapu. Azimio 2773 la Baraza la Usalama, la Februari 2025, liliwataka M23 watoke Goma na Bukavu, na jeshi la Rwanda litoke Kongo. Miezi nane baadaye, Paris inatangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa kwa misaada, na M23, wenye kuushika uwanja ule, wanakataa. Kama azimio halina wa kulisukuma, ni nani atajenga shule kwenye kilima chenye risasi?

Kwa hiyo, kila mfadhili aseme kiasi gani amelipa, si kiasi gani ameahidi. Kila mradi utajwe kwa Kiswahili kwenye redio za hapa: jina la kijiji, pesa, na mwenye kuipokea. Wakimbizi wa vita wachague wajumbe wao kwenye kamati zenye kuamua, si kuitwa tu siku ya kupigwa picha. Na asilazimishwe mtu kurudi kwake kabla barabara, shamba na usalama havijarudi.

Ahadi ni deni. Mwenye kudai ana haki ya kuona hesabu.