Usiilaumu Bunduki Kabla ya Kujaribu Risasi

Mkulima mmoja wa Buyangu, ambaye shamba lake limepakana na msitu, alinionyesha bunduki yake ya upepo akaniambia kwamba mtutu umepinda. Ni bunduki ya pampu, ile ambayo mtu huvuta mkono wake wa chini mara kadhaa kusukuma hewa ndani kabla ya kupiga. Cheti chake anacho. Alikuwa akiitumia kwa panya wa ghala la mahindi, na kwa majuma mawili hakuwa amepata hata mmoja. Alitaka kuiuza anunue nyingine kubwa zaidi.

Nilimwuliza, "Mzee, umewahi kuijaribu kwenye karatasi?"

Akacheka. "Karatasi haili mahindi yangu."

Basi, ndugu msomaji, hapo ndipo penye kosa, na ndiyo maana naandika. Watu wengi wenye bunduki hizi huzilaumu bure. Bunduki ya upepo haichukui kila risasi sawasawa. Bunduki mbili zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, huweza kupendelea risasi mbalimbali, na hakuna mwenye duka awezaye kukuambia yako inapenda ipi. Lazima uiulize mwenyewe, na karatasi ndiyo itakayokujibu.

Kwanza tuelewane juu ya sheria. Usidhani kwamba kwa kuwa haina baruti basi ni mchezo wa watoto. Kabla hujanunua bunduki ya upepo, au kuipokea kwa rafiki, nenda kituo cha polisi uulize habari za cheti. Kazi hiyo katika Kenya iko mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha. Wala usifungue mashine ya ndani kwa bisibisi na nyundo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye ruhusa. Kurekebisha ninakokusema mimi hakuhitaji kufungua kitu chochote.

Anza na skrubu zinazoshika mbao na mtutu. Zikilegea, bunduki hutikisika, na risasi huenda inakotaka. Kisha safisha mtutu kwa kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe. Kakamega hunyesha kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na chuma kilichowekwa juu ya dari yenye moshi na unyevu hushika kutu upesi. Pampu nayo yataka mafuta kidogo sana, matone mawili matatu ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Si mafuta ya kupikia, wala si mafuta ya taa. Nimeona pampu iliyotiwa mafuta ya kupikia. Ilikuwa imeganda kama sufuria isiyooshwa.

Sasa tuje kwenye pampu yenyewe, maana hapa watu hupotea zaidi. Kila unapovuta mkono, hewa huingizwa na kubanwa katika chumba kidogo nyuma ya risasi. Ukipiga pampu nne, risasi huenda polepole na kuanguka mapema. Ukipiga nane, huenda kwa kasi na kufika juu zaidi kwenye karatasi. Kwa hiyo mtu apigaye pampu tano leo, saba kesho, na kumi akikasirika, hawezi kujua alama zake za kulengea zimewekwa kwa ajili ya nini. Chagua hesabu moja uishike. Wala usizidishe ile iliyoandikwa na mtengenezaji, kwani hewa ikizidi, kinyundo cha ndani hushindwa kuufungua mlango wake, na mpira wa pampu huumia.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa nchi ya juu hatuambiwi. Kakamega iko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu sehemu moja katika saba. Pampu yako hubeba kile kinachoizunguka. Kwa hiyo pampu nane za Buyangu si sawa na pampu nane za Mombasa. Hukusanya hewa pungufu. Ikiwa shemeji yako wa Mombasa alikuwekea alama za kulengea kisha akakupa bunduki yake nawe ukapata cheti kwa jina lako, usishangae ikipiga mahali pengine. Ianze upya.

Risasi za bunduki hizi huja katika kopo, nazo ni za madini ya risasi. Lugha yetu imeviita vitu hivyo viwili kwa jina moja, na imesema kweli. Zilizo nyingi zina upana wa milimita 4.5 au 5.5. Tazama moja kwa karibu: ina kichwa mbele, kiuno chembamba katikati, na nyuma iko wazi kama sketi. Hewa ikiisukuma, sketi hutanuka na kuushika mtutu, na mifereji ya ndani huizungusha. Sketi ikiwa imebonyea, hewa hupita ubavuni na risasi huyumba. Makopo mengi hutupwa ovyo njiani kabla ya kufika dukani, kwa hiyo mwaga risasi juu ya kioo au sahani, uzibiringishe, na zile zenye ubavu uliobonyea uziweke kando. Usizitie mdomoni kama misumari ya fundi seremala. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto, na mikono huoshwa kwa sabuni baada ya kazi.

Kwenye makopo mengine utaona upana wa kichwa umeandikwa kwa makini, 4.50 au 4.52. Unaweza kusema tofauti hiyo ni ndogo kuliko unywele. Ni kweli, na bado mtutu huijua. Uzito nao hutofautiana: risasi ya milimita 4.5 huwa karibu nusu gramu, na ya milimita 5.5 karibu gramu moja, lakini ndani ya kila upana kuna nyepesi na nzito. Usinunue makopo matano ya aina moja kwa sababu ni rahisi. Afadhali wakulima watatu wenye vyeti wanunue kila mmoja kopo la aina yake, wagawane kidogo kidogo, wajaribu.

Jaribio lenyewe ni hili. Jaza gunia udongo au mchanga, liegemeze kwenye ukingo wa ardhi, ubandike karatasi yenye alama ya wino. Usitumie jiwe wala mti kuwa kinga, maana risasi hurudi. Hakikisha nyuma hapapiti mtu wala ng'ombe. Pima mita 10. Weka bunduki juu ya mfuko mdogo wa mchanga, si juu ya goti lako. Piga risasi chache za aina mpya bila kuzihesabu, ili mtutu uzizoee. Kisha piga tano, kwa hesabu ile ile ya pampu, ukilenga alama ile ile. Usirekebishe alama za kulengea katikati ya jaribio, hata kama risasi zote zinaangukia kushoto. Wewe hutafuti kugonga wino bado. Unatafuta aina ambayo matundu yake matano yanakaa pamoja. Rudia mara ya pili, maana kundi moja zuri huweza kuwa bahati. Andika jina la risasi kando ya karatasi.

Wapo watakaosema huku ni kujisumbua kama mzungu wa maabara. Mimi nasema hivi: wapiga shabaha wa Michezo ya Olimpiki, ambako bunduki ya upepo ya mita 10 iliingia mwaka 1984, hufunga bunduki zao kwenye jiliwa na kujaribu risasi kopo baada ya kopo. Nao wana bunduki za bei kubwa kuliko ng'ombe wa maziwa. Mwenye bunduki ya bei rahisi ndiye mwenye haja zaidi ya kujaribu.

Mzee wangu wa Buyangu tulijaribu naye aina nne. Ya kwanza, aliyokuwa akiitumia siku zote, ilitawanya matundu kama mtu aliyemwaga mtama. Ya pili na ya tatu zilikuwa afadhali. Ya nne, ambayo ilikuwa nzito kidogo na wala si ya bei ya juu kabisa, iliweka matundu matano mahali unapoweza kufunika kwa sarafu ya shilingi ishirini. Mtutu haukuwa umepinda. Alinyamaza kidogo, akaomba apige tena, na tena. Baada ya hapo tulisogeza alama za kulengea, kazi ya dakika tano.

Sasa nitasema lile ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Ukishajua kundi la bunduki yako, umejua pia mpaka wako. Kichwa cha panya hakizidi kidole gumba kwa upana. Ikiwa kwa mita 15 matundu yako yanazidi upana huo, huna haki ya kumpiga panya kwa mita 15. Utamjeruhi, naye atakwenda kuoza ndani ya mahindi yako. Sogea karibu au weka bunduki chini. Na kusema kweli, kwa panya wengi mtego na paka hufanya kazi kubwa zaidi, na sahani za bati kwenye miguu ya ghala lililoinuliwa kiasi cha mita 1 huwazuia wasipande kabisa. Bunduki ni ya yule mmoja mjanja aliyebaki.

Nyani na kima ni habari nyingine. Najua hasira ya mtu aliyeamka akakuta mistari miwili ya mahindi mabichi imeng'olewa. Lakini uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku katika Kenya tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inawalinda hata wale walao shambani mwako. Buyangu ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kakamega, iliyotengwa mwaka 1985 na ambayo sasa iko chini ya KWS, na kuingia humo na silaha bila ruhusa ni kosa. Tena, hata kama pasingekuwa na sheria, risasi ya nusu gramu haimwui nyani. Hukaa chini ya ngozi, jeraha huoza, naye hurudi shambani akiwa na maumivu na ukali. Mbega mweusi na mweupe, ambaye wengi humpiga kwa kumdhania mwizi, chakula chake kikubwa ni majani ya miti.

Dawa ya nyani ni ya taabu: kulinda kwa zamu mahindi yanapokomaa, na kuweka upande wa msitu zao wasilolipenda. Serikali ilipanda chai kwenye kingo za misitu kuanzia 1986 kwa sababu hiyo pia, maana chai hawaili. Mzee alinijibu kwamba ekari yake moja haitoshi chai na mahindi pamoja, na wajukuu wa kulinda wako shuleni. Sikuwa na jibu jepesi la kumpa. Tulikubaliana aanze na mistari sita ya chai upande ule, na mahindi yasogee karibu na nyumba.

Panya watatu aliwapata juma lililofuata. Nilimwagiza awafukie, asiwatupe kwa kuku wala mbwa, kwa ajili ya ile risasi iliyomo ndani yao. Yale makopo matatu yasiyofaa bado yako nyumbani kwake, na majirani wenye vyeti vyao wamekwisha kuja kuuliza kama bunduki zao huenda zikayapenda.