Mgonjwa Naye Ana Neno

Wengi wetu, tukijiandaa kwenda hospitali, huhangaikia nauli na fedha ya dawa, hasa tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanzishwa katika hospitali za Serikali ya Tanzania mwaka 1993. Maneno hatuyaandai. Tukifika mbele ya daktari, naye ana foleni ndefu mlangoni, twaitikia "ndiyo" kwa kila asemalo, kisha twatoka na karatasi ya dawa tusiyoielewa.

Twasema wazi kwamba ukimya huo si adabu. Mwili ni wa mgonjwa, na ni haki yake kujua anaumwa nini na anapewa dawa gani. Basi kabla ya kuondoka nyumbani aandike, au amwombe mjukuu amwandikie, maumivu yalianza lini na maswali yake mawili matatu. Achukue pia dawa zote anazotumia, hata za mitishamba, ambazo wengi huzificha kwa kuogopa kukemewa.

Tuchukue mfano wa mzee mwenye shinikizo la damu anayenunua diklofenaki dukani kwa ajili ya magoti. Dawa hiyo yaweza kupandisha shinikizo na kupunguza nguvu ya vidonge vyake. Daktari asipoambiwa, atamwongezea dawa nyingine, na gharama nyingine.

Madaktari nao (twawaheshimu, na twajua wamelemewa) wasilione swali kuwa ni ukaidi. Na mzee asiye na uwezo aulize kama anastahili msamaha wa malipo, kabla hajauza mbuzi wake.